Amplifaya ya gari inakata kata? Pima hivi kabla hujaenda kununua nyingine

Wakuu, amplifaya ikianza kujizima katikati ya wimbo watu wengi wanaipiga kofi kwanza, ikigoma wanaenda Kariakoo kuulizia nyingine, alafu ile mpya ikifungwa nayo inakata vilevile. Amplifaya nyingi za gari zimetengenezwa zijizime zenyewe zikiona umeme umeshuka sana, spika zimepiga shoti, omu (ukinzani wa spika) ziko chini kupita uwezo wake au imechemka. Yani mara nyingi inajilinda tu na haijafa, kazi yako ni kutafuta inajilinda na nini. Na hilo huwezi kulijua kwa kuangalia kwa macho, unahitaji multimita, hata ile ya bei ya chee kabisa ya rangi ya njano inatosha.

Kabla hujashika spana, angalia taa na angalia inakata saa ngapi

Hii watu wanairuka na ndio inayookoa muda kuliko zote. Fungua buti au toa siti, kaa pale amplifaya ilipo, mwambie mtu apige mziki kwa sauti ile ile ambayo huwa inakata. Ikikata angalia taa yake haraka. Kuna mambo matatu tu yanaweza kutokea hapo.

Taa zote zimezima kabisa kama vile umezima gari: amplifaya imekosa umeme, iwe kwenye waya mkubwa wa betri, ethi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), au waya mwembamba wa remoti unaoiambia iwake.

Taa imebadilika ikawa nyekundu, au imewaka ile iliyoandikwa protect: iko hai ila imejifungia, hapo fikiria spika, omu, joto, au umeme unaoshuka besi ikigonga.

Taa ya kawaida inawaka vizuri tu lakini sauti hakuna: usihangaike na umeme wala ethi, shida iko kwenye waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio), redio yenyewe au waya za spika.

Na wakati inapokata nao unasema mengi. Ikikata kila besi inapogonga na kurudi yenyewe, ni umeme kushuka. Ikikata baada ya kama nusu saa na kurudi ukishaiacha ipoe, ni joto. Ikikata ukipita kwenye matuta au barabara ya vumbi yenye makorongo, kuna waya umelegea mahali. Ikikata ukitoka FM kwenda Bluetooth basi nina uhakika mkubwa ni remoti, nitaeleza chini. Na ikikata kwenye sehemu za wimbo zenye ukimya, angalia kama yako ni ile inayojiwasha yenyewe kwa kuhisi sauti bila waya wa remoti, hizo wakati mwingine zinadhani umezima redio.

Vifaa

Multimita, spana namba 10, bisibisi, msasa, fyuzi za akiba za saizi ile ile iliyopo (sio kubwa zaidi), kipande cha waya mwembamba, na waya mrefu wa kutosha kutoka buti mpaka kwenye betri kwa ajili ya kupimia. Popote utakapofungua nati ya umeme mkubwa, toa kwanza hasi ya betri. Sio chanya, hasi. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Hatua ya kwanza: umeme unaofika kwenye amplifaya

Weka mita kwenye DC volti 20. Pima kwenye betri gari likiwa limezima, betri iliyojaa inatoa kama 12.6, ikisoma 12.0 au chini ya hapo betri yako iko hoi, kaichaji kwanza ndio uendelee. Washa gari, sasa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kitu huku injini inaunguruma, altaneta haichaji, peleka kwa fundi umeme wa gari kabla ya kuendelea na mambo ya mziki.

Sasa njoo kwenye amplifaya. Nyaya za mita zishike palepale kwenye skrubu zake, nyekundu kwenye 12V au B+ na nyeusi kwenye GND, alafu mziki upigwe kwa sauti ya kukata. Usipime mziki ukiwa umezimwa, maana waya mbovu bila mzigo unasoma volti safi kabisa na unakudanganya. Angalia namba besi ikigonga. Ikicheza 13.5, 13.2, hapo pazuri. Ikidumbukia 11 na kwenda 10 na amplifaya ikakata hapohapo, umeshampata mchawi, amplifaya nyingi zinajizima zikifika kwenye volti kama 10 hivi. Mita za kawaida zinachelewa kidogo kwahiyo ukiona 11 jua kwa nukta moja imeshuka zaidi ya hapo.

Sasa inabidi ujue volti zinapotelea wapi, na hapa ndio ile waya ndefu inafanya kazi. Unganisha waya wako kwenye hasi ya betri, mwisho wake wa pili ushike na ncha moja ya mita, ncha nyingine iweke kwenye skrubu ya GND ya amplifaya. Piga mziki. Ethi nzuri inasoma chini ya 0.2. Ikisoma 0.5, 0.8, volt nzima, ethi yako ni mbovu hata kama imekazwa mpaka imelia. Fanya vilevile upande wa chanya: betri chanya mpaka skrubu ya B+, na hapo ikizidi nusu volti tafuta kwenye holda ya fyuzi au waya wenyewe.

Ethi, ambayo ndio ugonjwa namba moja

Nimeona ethi zimefungwa kwenye bolti ya mkanda wa siti, kwenye skrubu ya mbao ya boksi (kweli kabisa), kwenye bati jembamba ambalo limefungwa na plastiki. Bolti ya mkanda achana nayo, ile ni ya kuokoa maisha na tena mara nyingi ina gundi na rangi kwenye nyuzi zake. Tafuta chuma kinene cha bodi karibu na amplifaya, waya wa ethi usizidi nusu mita hivi. Kwangua rangi kwa msasa mpaka uone chuma kinang'aa, duara la kutosha kichwa cha waya kikae chote, sio kimstari. Tumia bolti na nati na washa ya meno, sio skrubu ya kujichimbia yenyewe maana hiyo inalegea na mtikisiko wa besi. Ukishakaza paka rangi au grisi kwa juu kuzuia kutu, hasa kama uko pwani, chumvi ya hewa ya Dar, Tanga au Mombasa inakula chuma kilichokwanguliwa ndani ya miezi.

Na kitu ambacho wengi hawajui, ethi ikiachia kabisa, amplifaya inatafuta njia nyingine ya kurudisha umeme na njia iliyo karibu ni ganda la nje la waya za RCA. Umeme mkubwa unapita kwenye kawaya kale mpaka kwenye redio na kuunguza kinjia kidogo cha ethi ndani yake. Baada ya hapo hata ukitengeneza ethi, unabaki na mlio wa wiiii unaopanda na injini. Ndio maana ukifungua amplifaya unatoa RCA kwanza, ethi inatoka mwisho.

Waya na fyuzi

Unene wa waya unapimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Geji 4 ni kama milimita za mraba 21, geji 8 ni kama 8.4. Tupige hesabu kidogo: mita 5 za geji 8 ya shaba tupu zikipitisha ampea 50 zinapoteza kama nusu volti njiani. Geji 4 hapohapo inapoteza kama 0.2. Sasa zile seti za waya za bei rahisi zilizojaa madukani nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, geji 8 ya namna hiyo inapoteza kama 0.8, na bado hujaweka holda na vichwa vya waya. Kuzijua ni rahisi, kata waya, kwangua nyuzi na kisu. Nje nyekundu ndani nyeupe kama fedha, hiyo ni aluminiamu. Nje nyeupe ndani nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati na ni nzuri kuliko zote kwa pwani. Na usiamini unene wa plastiki ya nje, kuna waya plastiki nene kama kidole na ndani kuna nyuzi chache za kusikitisha.

Holda ya fyuzi iko karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi, na kama yako iko mbali zaidi isogeze, maana kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi kikichubuka na kugusa bodi. Iguse baada ya mziki mkubwa, ikiwa ya moto au plastiki imeanza kuyeyuka, mguso ni mbovu. Zile fyuzi za kioo za duara ndio zinaongoza kwa hili, fyuzi haijakatika ila vikombe vya pembeni vimelegea na kuungua, inakata na kurudi kila gari likitikisika. Weka zile bapa za kukaza kwa bolti. Na tafadhali, usifunge msumari wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi, gari linaungua kweli.

Hatua ya pili: remoti

Huu ni ule waya mwembamba, kwa kawaida wa bluu, unaoiambia amplifaya iwake. Kwenye redio za kununua waya wa bluu wenye mstari mweupe ndio wa amplifaya, wa bluu mtupu ni wa antena ya umeme. Fundi asiyejali anaunga kwenye wa antena, na redio nyingi zinazima ule ukitoka FM kwenda kwenye flashi au Bluetooth. Mziki wa FM unapiga vizuri, ukiweka nyimbo zako kimya. Hamishia kwenye wenye mstari mweupe, kwisha habari.

Kama sio hilo, fanya jaribio hili. Chukua kile kipande cha waya, unganisha B+ ya amplifaya na skrubu ya REM palepale, angalia usiguse ethi. Endesha hivyo kwa muda. Ikiacha kukata, shida ni waya wa remoti au redio. Ukimaliza jaribio ondoa hicho kipande, ukikisahau amplifaya inawaka usiku kucha na asubuhi gari halizunguki. Remoti inatakiwa isome karibu na volti za betri, kama redio moja inawasha amplifaya mbili tatu pamoja na feni, weka relei ndogo (swichi inayowashwa kwa umeme), redio iwashe relei na relei iwashe hizo nyingine.

Hatua ya tatu: spika na omu

Hii ni kwa wale wa taa nyekundu. Zima, chomoa waya zote za spika kwenye amplifaya, chomoa na RCA, acha umeme, ethi na remoti tu. Washa. Bado nyekundu? Ifungue skrubu zake na iinue isiguse chuma cha gari popote, jaribu tena. Bado? Hapo amplifaya yenyewe ina ugonjwa ndani, mara nyingi transista za kutolea nguvu zimepiga shoti, ipeleke kwa fundi wa elektroniki. Usiendelee kuiwasha ili kujaribu bahati.

Ikiwaka vizuri bila spika, rudisha waya moja moja ukisubiri kidogo kila moja, ile inayoleta nyekundu ndio yenye kesi. Pima huo waya na mita kwenye omu, kwanza ncha moja na chuma cha gari, isisome kitu chochote. Ikisoma kuna mahali waya umechubuka, angalia kwenye bawaba za mlango, chini ya reli za siti, na nyuma ya spika ya mlango ambapo ncha zinagusa bati kioo kikishuka. Alafu pima ncha mbili zenyewe: koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) ya omu 4 inasoma 3 na kitu, sio 4 kamili, usishtuke. Ikisoma 0.5 imeungua na kujishika yenyewe. Sukuma karatasi ya sabufa taratibu na vidole pande zote huku mita ikisoma, namba ikikatika kabisa au ukisikia mkwaruzo, huenda koili imeungua.

Sasa hesabu za omu, maana hapa ndio vijana wa mziki mkubwa wanaanguka. Sabufa mbili za omu 4 ukizipanga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unapata 2. Sabufa moja yenye koili mbili za omu 4 nayo sambamba ni 2, ukiziunganisha kwa foleni ni 8. Sabufa mbili za namna hiyo zote sambamba ni 1. Soma kwenye amplifaya yenyewe inaruhusu kiasi gani, na soma vizuri, maana mara nyingi kuna namba mbili: amplifaya ya chaneli mbili inaweza kuandikwa omu 2 kwa chaneli moja moja lakini omu 4 ukiziunganisha chaneli mbili kuwa moja. Ukiifunga kwa namna hiyo ya pili na mzigo wa omu 2, kila chaneli inaona omu 1. Inapiga, tena inapiga kwa nguvu sana, dakika kumi za raha, alafu nyekundu.

Joto na gaini

Iguse kwa mkono inapokata. Kama huwezi kuacha kiganja juu yake, umejibiwa. Amplifaya za daraja (aina ya sakiti) la AB zinageuza karibu nusu ya umeme kuwa joto, za daraja D zinapoteza kama robo au chini ya hapo. Ukiifunika na kapeti chini ya siti kwenye gari lililoshinda juani Ubungo, unategemea nini. Ipe nafasi ya sentimita tano juu na pembeni, pulizia vumbi, kama ina feni hakikisha inazunguka. Na isifungwe juu ya boksi la sabufa, mtikisiko unavunja lehemu za ndani taratibu na baada ya miezi unapata ule ugonjwa wa kukata ambao hauonekani kwa mita.

Gaini, ile nobu ya kuzungusha kwenye amplifaya, sio sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio, watu wanaizungusha mpaka mwisho na kuona wamepata wati zaidi wakati wamepata mawimbi yaliyokatwa vichwa, joto na koili zilizoungua. Kuiweka sawa: chomoa spika, zima besi busti na ikwalaiza zote, weka redio kama robo tatu ya sauti, piga faili la mlio wa 50 Hz (kwa sabufa) kutoka kwenye simu, mita weka AC volti kwenye skrubu za spika za amplifaya. Namba unayoitafuta ni wati mara omu alafu kipeuo cha pili. Wati 500 kwa omu 2 ni kama volti 31.6, wati 100 kwa omu 4 ni 20. Panda kutoka sifuri mpaka hapo, simama.

Ila tumia wati za kweli, sio za kwenye stika. Jumlisha fyuzi zilizoko kwenye amplifaya. Fyuzi mbili za 25 ni ampea 50, mara 13.8 ni wati 690 zinazoingia, kwa daraja D zinatoka kama 550 ikijitahidi. Stika imeandika 3000? Ni mapambo hayo.

Hatua ya nne: taa nzuri, sauti hakuna

Chomoa RCA kwenye amplifaya, tumia waya wa kutoka simu kwenda RCA, choma moja kwa moja (sauti ya simu anzia chini). Ikipiga bila kukata, lawama ni kwa redio au waya uliopita chini ya kapeti. Badilisha kushoto na kulia kwenye redio, ukimya ukihama upande basi redio, usipohama ni waya. Kwa magari ya Japani yenye redio yake ya asili, kile kiboksi kidogo kinachogeuza waya za spika kuwa RCA nacho kinaachia sana, kitikise.

Ukibaki na umeme unaoshuka hata ethi na waya vikiwa safi

Gari dogo linakuja na altaneta ya kazi zake lenyewe, taa, AC, feni, na kinachobaki sio kingi hasa injini ikiwa inaunguruma taratibu foleni ya Mwenge. Pima kwenye betri yenyewe mziki ukipiga: kama volti zinashuka hapohapo kwenye betri, anza na kuongeza waya mnene kutoka altaneta kwenda chanya (nao na fyuzi yake), hasi ya betri kwenda bodi, na injini kwenda bodi. Alafu betri nzuri. Kapasita (kile kikopo cha kuhifadhi umeme kidogo) mimi siishauri kama dawa, inasaidia mshtuko mfupi tu na yenyewe inachajiwa na altaneta hiyohiyo iliyochoka. Kama bado inashuka, punguza mzigo au nunua altaneta kubwa, hakuna ujanja mwingine.

Ukiamua kumpelekea fundi, usimwambie tu inakata. Mwambie taa ilikuwa rangi gani, volti zilisoma ngapi pale kwenye skrubu wakati inakata, na spika zako zimekaa omu ngapi. Akianza kukuambia ununue mpya kabla hajashika mita, chukua gari lako.